Hatua Tatu za Tope

Jumamosi za Swaumu zilikuwa zinafanana. Alfajiri alifagia uwanja, akateka maji ndoo mbili, akamwashia bibi yake moto wa chai. Kisha alichukua kijiti chake cha mkoko, debe kuukuu na kirungu cha kulipigia, akateremka mtoni na mama yake, Zena. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na kijijini kwao Mkunguni, ndani kabisa ya mikoko ya delta ya Rufiji, hakukuwa na mtoto mwenye kazi kubwa kuliko yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo, na wala hakuwa anatia chumvi sana.

Wanawake wa Mkunguni walikuwa wanajifunza kuogelea. Usicheke! Watu wa huko wanazaliwa kando ya maji na kula vya majini, na kwenda zahanati ni kwa mtumbwi, lakini wanawake wengi hawakujua hata kuelea. Mwaka uliopita mtumbwi ulipinduka na akina mama waliokuwa wanatoka kliniki, na wawili hawakurudi. Ndipo Nesi Rozalia, mwenyeji wa Mwanza aliyekulia ziwani, akasema imetosha. "Kafi mnapiga, kuelea hamjui! Haiwezekani, jamani." Akaanza na wanawake watatu, wakafika saba. Kila mmoja alikuja na dumu tupu la lita tano, kifuniko kimekazwa, kamba kiunoni, likimfuata nyuma kama mbuzi wa kamba ili akichoka alishike.

Kisha ikaja habari kwamba Nyamisati kutakuwa na mashindano ya wanawake wanaoanza: kuogelea mita mia mbili, kupanda baiskeli kilomita kumi, halafu kukimbia kilomita mbili, vyote kwa mfululizo. Wanawake walicheka mpaka wakatokwa machozi. Walipomaliza kucheka, wote saba wakaandikisha majina. Zena alikuwa wa kwanza. Baiskeli ya mazoezi kijijini ilikuwa moja, na mnyororo wake ulichomoka kila baada ya minazi mitatu, lakini hiyo ni habari nyingine.

Utaratibu wao ulikuwa mmoja: wanawake wakiingia majini, diko lote, pale mitumbwi inapoegeshwa, ni lao. Wanaume walihamisha mitumbwi yao mpaka diko la pili, nyuma ya mikoko, hata Mzee Mwinyimvua anayeyajua maji yale kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo hakukuwa na mvuvi wa kuwaangalizia maji. Kazi hiyo ilikuwa ya Bi Hadija, bibi yake Swaumu aliyemzaa Zena, mpaka macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Hapo akamfundisha mjukuu wake.

"Chomeka kijiti pale maji yanapoishia," alimwambia. "Yakikifunika, yanajaa bado. Kichomoe, ukichomeke juu zaidi. Yakisimama, hapo ndipo wenzio wanaogelea kwa raha. Yakianza kukiacha, piga debe, watoke wote, maana katikati ya mto mkondo wa kupwa unamchukua mtu mpaka baharini. Na sikiliza, mwanangu. Kukisogeza kijiti juu, ruhusa. Kukisogeza chini, kamwe! Kikishaachwa na maji, kibaki hapo hapo. Ndicho kinachotuambia maji yameondoka tangu lini."

Swaumu aliyashika maneno hayo kama anavyoshika jedwali la kuzidisha. Tatizo halikuwa kujua.

Jumamosi moja, wiki tatu kabla ya mashindano, wanawake waliingia majini saa sita kasorobo. Maji yalikuwa yanamalizia kujaa. Zena, aliyekuwa mbele ya wenzake wote kwa sasa, alifunga vizuri mtandio wake na kulivuta dumu lake la njano lenye kitambaa chekundu.

"Dada Rozalia, leo nakwenda mpaka kwenye ule mti wa alama, kule baada ya kona ya kuelekea baharini," alisema. "Nitapumzika pale nimeshika mti, kisha nitarudi."

Nesi Rozalia alisita. Baada ya kona mtu haonekani tena kutoka dikoni. Lakini Mama Ally alikuwa amemng'ang'ania shingoni, anapiga kelele kwamba anakufa, na hali maji yalikuwa yamemfika kifuani tu. "Haya, nenda, ila usikawie," Rozalia alimwambia Zena. "Ukisikia debe, pembeni mara moja!"

"Namtegemea mlinzi wangu," Zena alijibu, akampungia mkono binti yake. Swaumu akapunga naye, amevimba kichwa.

Maji yalisimama. Kijiti kilisimama pembeni yake, na hapakuwa na la kufanya ila kukitazama. Hapo ndipo Muzdalifa, rafiki yake wa darasa moja, alipochungulia kutoka kwenye minazi ya juu. Mkononi alikuwa na simu ya kaka yake aliyekuja kutoka Dar.

"We Swaumu! Njoo uone kichekesho. Utavunjika mbavu!"

"Nina kazi."

"Dakika mbili tu, shoga! Mtandao unashika hapa juu tu, si unajua. Kijiti kitakimbia?"

Swaumu alikiangalia kijiti. Maji yalikuwa yanakigusa kwa mbali, yametulia kabisa. Dakika mbili, alijiambia, maji gani yanaondoka kwa dakika mbili? Akapanda juu.

Kichekesho cha kwanza kilikuwa kweli cha dakika mbili. Kikafuata cha pili, na cha tatu, na kuna mmoja alianguka na sahani ya pilau, wakalazimika kumrudia mara nne. Adhana ya adhuhuri ililia msikitini, Swaumu akaisikia kama mtu anayesikia jambo la jirani. Ni pale simu ilipoishiwa chaji ndipo alipoinua macho. Kivuli cha mnazi kilikuwa kimehama mguuni pake.

Alishuka mbio. Kijiti kilikuwa kimesimama peke yake kwenye tope. Maji yalikuwa hatua tatu kutoka kilipo. Hatua tatu nzima!

Wanawake sita walikuwa bado wanacheka na kurusharusha maji kwenye hori ndogo ya kando, mkono wa maji ambako mkondo haufiki, wala hawakujua lolote. Debe lilikuwa hapo miguuni. Angelipiga tu wakati ule ule, akasema "nilikiacha kijiti", hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini alimfikiria bibi yake, akamfikiria Nesi Rozalia akimpa kazi mtoto mwingine, akafikiria kijiji kizima kikisema "yule mlinzi wa simu." Aibu ikamzidi. Akakichomoa kijiti. Akapiga hatua tatu kuteremka, akakichomeka tena ukingoni mwa maji. Hapo ndipo alipopiga debe.

Wanawake walitoka wakilalamika kwamba muda umekuwa mfupi, wakijifunika khanga, wakikanyagakanyaga tope lote kati ya maji na nyasi. Nesi Rozalia alihesabu vichwa, akahesabu tena. Kulikuwa na saba, na yeye mwenyewe akiwa wa saba.

"Zena yuko wapi?" aliuliza.

Wote waligeukia kwenye kona. Rozalia alirudi majini mpaka kiunoni, akaita, "Zenaaa!" Sauti yake ilikwenda ikarudi.

Mama Ally aliangua kilio. Mwanamke mmoja alikimbia diko la pili bila viatu, na muda si muda mtumbwi ukatokeza na Mzee Mwinyimvua mbele na Maneno, kaka yake Zena, nyuma. Siku hiyo hakuna aliyekumbuka kwamba wanaume hawaruhusiwi. Bi Hadija naye alifika akipapasa njia kwa fimbo. "Mwanangu yuko wapi? Niambieni, mwanangu yuko wapi?"

"Alipinda kona lini?" Mzee Mwinyimvua aliuliza.

"Adhana ilikuwa inalia," Rozalia alisema. "Nilimruhusu mimi, mzee. Nilikuwa namshika huyu, sikumtazama tena."

Mzee alishuka, akakiangalia kijiti. Maji yalikuwa yamekiacha kwa upana wa vidole vitatu. Akamgeukia Swaumu. "Mwanangu, umekuwa hapa muda wote?"

Swaumu alifungua mdomo. Mamake yuko majini, mzee anamtazama, bibi anamtazama kwa macho yake ya ukungu.

"Ndiyo, babu," alisema.

"Basi maji yameondoka sasa hivi tu. Alipopinda kona yalikuwa bado yanaingia, yamemsukuma ndani, amepita hapa katikati ya mto bila nyinyi kumwona, kuelekea juu. Maneno, geuza! Twende juu!"

Kafi ziliingia majini kwa nguvu. Mtumbwi ukaondoka, ukapita diko, ukaelekea upande wa bara. Swaumu aliutazama unavyokwenda, na ndipo akili yake ilipokamilisha hesabu ambayo mzee ameikosea kwa sababu yake. Hatua tatu si za dakika chache: maji yalianza kupwa kabla ya adhana. Mama yake hakusukumwa ndani. Mama yake alikuwa anavutwa upande wa pili, upande wa bahari, na watu pekee wenye mtumbwi walikuwa wanampa mgongo na kumkimbia kwa nguvu zao zote.

Alitaka kupiga kelele, aibu ikamzuia. Bi Hadija alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anamwomba Mungu kwa kunong'ona, anarudia jina la Zena. Mtumbwi ulifika kwenye mikoko ya juu, ukaanza kupotea. Swaumu aliwaza kwamba labda mzee atagundua mwenyewe. Labda mama yuko juu kweli. Labda ameshapanda nchi kavu. Kila "labda" ilikula muda, na maji yalikuwa yanazidi kukiacha kijiti huku anakiangalia. Alimwona mama yake akimpungia mkono, anasema namtegemea mlinzi wangu.

Akamshika Nesi Rozalia khanga kwa mikono miwili.

"Nimekisogeza!"

"Umesogeza nini?"

"Kijiti! Nilikwenda juu kwa Muzdalifa kuangalia simu. Niliporudi kilikuwa mbali na maji, hatua tatu, nikakishusha. Maji yaliondoka zamani, dada! Kabla ya adhana! Mama hayuko huko juu!"

Rozalia alimtazama kwa namna ambayo Swaumu hakuisahau tena, kisha akaliokota debe akalipiga kama anataka kulipasua. Wanawake wote wakapiga kelele, "Rudiniii!" Mtumbwi ulikuwa hauonekani. Debe likalia, likalia. Ilikuwa kama mwaka mzima kabla pua ya mtumbwi haijatokeza tena.

"Mmemwona?" Maneno alipaza sauti kutoka mbali.

Rozalia alimsukuma Swaumu mbele. "Sema. Sema wewe mwenyewe, haraka."

Akasema, mbele ya wote. Mjomba wake aliinua kafi juu, na kwa kitambo kidogo Swaumu aliamini atapigwa nayo, na aliona ni haki yake. Mzee Mwinyimvua alimshika Maneno mkono.

"Hasira baadaye. Hatua tatu zako au zangu?"

"Zangu, babu. Kubwa."

Mzee alitazama mizizi ya mikoko, alama ya maji juu yake, akatikisa kichwa. "Nami nilipaswa kutazama mizizi. Nilikiamini kijiti. Haya, pandeni, wewe na nesi. Wewe una macho ya kitoto, utatazama kushoto. Nesi kulia."

Wakashuka na mkondo. Loh, mto ule ule aliouona umetulia asubuhi sasa ulikuwa unakimbia! Katikati ulikuwa unazungukazunguka, umebeba majani na povu. Vijito vilitoka kila upande kuingia kwenye mikoko, na kila kimoja kilikuwa kinaweza kumficha mtu. "Zenaaa!" waliita. "Mamaaa!" Ndege waliruka, basi. Walipita mti wa alama. Hapakuwa na mtu aliyeushika.

"Nisamehe, Mungu wangu," Swaumu alikuwa anasema chini chini. "Usimchukue. Nichukue mimi. Sitaki simu, sitaki kitu." Machozi yalimzuia kuona, akayafuta kwa hasira maana alikuwa ameambiwa atazame.

Walipiga kafi mpaka mikono ya Maneno ikaanza kuchubuka. Mbele yao mto ulikuwa unapanuka, na kwa mbali mawimbi yalionekana meupe kwenye mlango wa bahari. Ndipo Swaumu alipoona kitu cha njano kinapandapanda majini.

"Dumu! Dumu la mama!"

Maneno alilinyanyua. Kitambaa chekundu kilikuwa pale. Kamba yake ilikuwa imekatika, na mwisho wake haukuwa na mtu. Maneno alikaa chini ndani ya mtumbwi, akalipakata dumu la dada yake, akalia kwa sauti. Swaumu hakulia. Alihisi mwili wote umekuwa mtupu. Ni mimi, aliwaza. Ni mimi niliyefanya hivi.

Nesi Rozalia hakumwacha Maneno akae. Alilichukua lile dumu, akaikagua kamba. "Imesagika," alisema. "Tazama hapa, ina nyuzi nyuzi. Imekwaruzwa na chaza wa kwenye mizizi. Kwa hiyo aligusa mikoko! Niliwafundisha wote: mkondo ukikushika usishindane nao. Lala chali, piga miguu, kata kwenda pembeni. Mzee, tuambae na kingo!"

Wakarudi nyuma, wakaambaa na mikoko ya kushoto, kijito baada ya kijito. Kwenye kijito cha nne Mzee Mwinyimvua aliinua mkono. Wakaacha kafi. Palisikika mlio mdogo, ko, ko, ko, kama mtu anayegonga mlango bila nguvu.

Alikuwa Zena. Amekumbatia mizizi ya mkoko, nusu ya mwili majini, mtandio umekwenda, anagonga mti kwa ganda la chaza kwa sababu sauti ilikuwa imemkauka. Mikono na nyayo zilikuwa zimechanikachanika. Alipouona mtumbwi alijaribu kusema kitu, hakikutoka. Maneno na Rozalia walimvuta ndani, na Swaumu akamwangukia kifuani.

"Mama, ni mimi! Nilikiacha kijiti, kisha nikadanganya. Ni mimi, mama!"

Zena aliuweka mkono wake wenye damu juu ya kichwa cha binti yake. Hakusema amemsamehe, wala hakuuondoa mkono.

Siku nne Zena alilala kitandani na homa, na Nesi Rozalia alimsafisha vidonda asubuhi na jioni. Swaumu alishika bakuli la maji ya chumvi, akaona kila mkato. Kijijini habari zilienea. Watu walisema kazi ile apewe mtoto mwingine, na Swaumu mwenyewe alikipeleka kijiti kwa bibi yake akakiweka miguuni.

"Sikitaki tena, bibi. Nimekaribia kumuua mama."

"Ni kweli, umekaribia," Bi Hadija alisema. Hakuwa bibi wa kupaka asali. "Lakini sikia. Ulipokwenda kwenye simu ulikosa, na kosa kama hilo hata mtu mzima analifanya. Nesi amekosa, mwenyewe kasema. Mzee kakosa kutotazama mizizi, kasema. Wewe ulipokisogeza kijiti ndipo ulipowatuma watu wazima kumtafuta mama yako mahali asipokuwa. Na ulipomwambia nesi ukweli ndipo mtumbwi ulipogeuka. Mama yako yu hai kwa sababu ulisema, na angekuja nyumbani na miguu mizima kama ungesema mapema zaidi. Yote mawili uyakumbuke, usichague moja."

Swaumu aliinamisha kichwa. Kutoka ndani, sauti ya Zena, bado ya kukwaruza, ikasikika: "Mpe kijiti chake, mama. Nitamhitaji Jumamosi ijayo."

Jumamosi hiyo Swaumu aliketi kwenye tope bila hata kusimama. Muzdalifa alikuja, akakaa kimya kando yake. Maji yalijaa, yakasimama. Kaa mkubwa mwekundu akatoka shimoni, wakamwangalia kidogo, na Swaumu aliporudisha macho tayari maji yalikuwa yamejitenga na kijiti. Aliruka akalipiga debe kwa nguvu zote. Wanawake wakatoka mbio. Zena alikuja wa mwisho, anachechemea.

"Yameondoka tangu lini?" aliuliza.

"Vidole viwili, mama. Niligeuka kumwangalia kaa, nikachelewa kidogo."

Wanawake walitazamana. Zena aliinama, akapima vidole viwili kati ya kijiti na maji. Vilikuwa viwili kweli.

"Asante kwa kuniambia," alisema.

Wiki mbili baadaye, Nyamisati, watu walijaa gatini kwa vigelegele. Wanawake kutoka vijiji vingi walipanga mstari ukingoni mwa maji, wanasubiri. Msimamizi alitazama saa yake, akaweka filimbi mdomoni. Kando ya gati, kwenye tope, Swaumu alikuwa amechomeka kijiti chake. Maji yalikuwa yamesimama kabisa. Aliangalia mara mbili, kisha akainua mkono juu.

Filimbi ililia, wenzake Zena wakaruka majini. Zena hakuwa amemtazama mwenye filimbi. Alikuwa anamtazama binti yake, na alipouona ule mkono ndipo akaingia.